Gia ya Mama Mkwe

Rizuane alikosea kitu kimoja tu, na watu wa Quionga ni mashahidi kwamba vingine vyote alivipatia. Injini aliipachika ikakaa. Giaboksi aliifunga ikashika. Shafti ya kwenda nyuma ilikuwa ndefu kupita kiasi, akaibeba kwa pikipiki hadi Palma ikakatwa na kuchomelewa, ikarudi inazunguka bila kutetemeka. Difu nayo aliihamisha nzima nzima. Mtu aliyefanya yote hayo kwa mnyororo mmoja ulioning'inizwa kwenye magogo matatu ya mnazi, ukimcheka kwa kosa moja unamwonea. Lakini walimcheka, tena si kidogo.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya marehemu Selemane, baba wa mkewe, iliyoanza kubeba nazi kabla Laila hajaota meno. Injini yake ya kwanza ilifika mahali ikawa inakunywa oili kuliko dizeli, na kila mwinuko ilipanda kwa kusukumwa. Selemane alipofariki, pikapu ikabaki kwa mjane wake, Bi Rachida, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, asiyependa kuambiwa jambo mara mbili wala kuulizwa mara moja. Rizuane alikuwa kijana wa Kimwani kutoka Quiterajo, fundi wa mashine za boti, na alipomwoa Laila alihamia uani kwa mama mkwe, kama desturi ya upande ule inavyotaka.

Desturi ilitaka na jambo jingine. Mkwe mwanamume hasemi na mama mkwe. Hamtazami usoni, hakai alipokaa yeye, haegemei anapoegemea. Akiwa na neno, analipitisha kwa mtu wa nyumbani, na neno hilo hutanguliwa na shikamoo. Miaka miwili Rizuane aliishi hatua kumi na mbili kutoka mlango wa Bi Rachida, wakasikilizana kila kikohozi, wasisemezane hata salamu. Chakula chake kililetwa na Laila na sahani ikarudishwa na Laila. Kila jioni Bi Rachida aliuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Yule amekula?" na Laila akajibu, "Amekula, mama." Yule alikuwa amekaa palepale, anatafuna.

Sasa, injini mpya. Rizuane aliipata Tungue, kwa mtu aliyemtengenezea mashine tatu za boti naye akamlipa kwa pikapu mpya iliyopinduka, ya wageni fulani waliokwisha kwenda zao. Bodi ilikuwa chapati, lakini chini yake kila kitu kilikuwa kizima. Bi Rachida alipoambiwa, akatoa ruhusa kupitia kwa Laila: "Mwambie abadilishe mtambo, chote cha chini akitaka. Ila ndani ya gari asiguse kitu. Na kiti changu asikisogelee."

Kiti chake kilikuwa cha kushoto, cha abiria. Hapo ndipo msiba wote ulipoanzia. Gari la wageni lilikuwa na usukani kushoto, na mkono wake wa gia umepinda kuelekea kushoto, aliko dereva wake. Pikapu ya Selemane usukani wake uko kulia. Juu ya hayo, boksi la usukani lilimzuia, ikabidi aisogeze injini nzima shibiri moja na nusu kushoto. Fundi yeyote mwingine angepanda ndani mara moja, akaketi, akajiuliza mkono wa gia utatokea wapi. Rizuane angeketi vipi, na kiti ni cha mama mkwe? Alilala chali mchangani siku arobaini, akapima kila kitu kwa chini, akatoboa sakafu kwa kupapasa, uso kaugeuzia pembeni kwa heshima.

Siku ya arobaini na moja injini ikawaka mara ya kwanza. Watu wakapiga vigelegele. Bi Rachida akaja amejifunga kapulana mpya, akafunguliwa mlango, akapanda, akaketi. Vigelegele vikakoma. Kati ya magoti yake mawili ulikuwa umesimama mkono wa gia, mweusi, wenye kifundo kinachong'aa.

"Laila," alisema Bi Rachida bila kugeuka, "muulize mumeo hiki ni nini."

Rizuane alikuwa hatua tatu tu na alikuwa amesikia. Akatazama chini, akangoja aulizwe kwa njia yake.

"Rizuane, mama anauliza hiki ni nini."

"Mwambie mama, shikamoo, ni gia."

"Shikamoo mama, ni gia."

"Marahaba. Muulize gia hapa imefuata nini."

Rizuane alieleza, kupitia kwa Laila, kwamba dawa ni kuupasha moto ule mkono na kuukunja upande wa kulia, lakini mtungi wa gesi uko Palma, na mkono haufunguki bila kushusha giaboksi nzima, kwa hiyo kuupeleka Palma lazima uende na gari. Waliosimama nyuma ya ukuta wa makuti walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. Bi Rachida akashuka, akaupangusa mkono wa gia kwa pindo la kapulana kama mtu anayefuta aibu ya nyumba, akasema, "Mwambie kesho anipeleke Palma kwa mjomba wenu. Nakwenda kumshtaki."

Ndipo kicheko kilipokatika. Mjomba Abdurremane, kaka yake Bi Rachida, ndiye aliyemkabidhi Rizuane mke, na kwa watu wale mjomba akisema imetosha, imetosha: mume hukusanya vitu vyake akarudi kwao. Laila alilia usiku ule. Rizuane hakulia, alifungua sanduku la spana, akazipanga kwa ukubwa, akalifunga, akalifungua tena. Angeweza kuondoka na spana zote. Laila ndiye asingeweza kumtia sandukuni, na bila Laila hakujua angeamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Basi asubuhi mshtakiwa akawa ndiye dereva. Gari likifika, atakuwa amejipeleka mwenyewe kwenye hukumu. Lisipofika, hapo hukumu haihitajiki tena. Bi Rachida aliketi kushoto, kwenye kiti chake cha miaka yote, maana nyuma hapandi, nyonga haimruhusu na hadhi vilevile. Mkono wa gia aliufunika kwa kitambaa. Miguuni aliweka kikapu chenye kuku wa kumpelekea kaka yake. Laila alipanda nyuma na mafungu ya nazi, akapitisha kichwa kwenye dirisha la nyuma ambalo kioo chake kilikwisha vunjika zamani. Na kwa kuwa mkono wa Rizuane kupita kati ya magoti ya mama mkwe ni jambo ambalo hata kulisimulia ni kosa, ikawa hivi: yeye atakanyaga klachi, Bi Rachida ataingiza gia, Laila atapitisha maneno.

"Mwambie mama, shikamoo, namba moja."

"Shikamoo mama, mkweo anasema namba moja."

"Marahaba. Ni juu au chini?"

"Anauliza juu au chini."

"Mwambie, shikamoo, kushoto halafu juu."

Namba moja ikaingia, gari likaondoka. Kutafuta namba mbili kulichukua mwendo wa kutoka kwa Bi Rachida hadi msikitini, injini ikilia kwa hasira, kwa sababu shikamoo na marahaba zilisimama katikati na hakuna aliyethubutu kuzisogeza kando. Watu walitoka nje kutazama. Hadi namba tatu inaingia, Quionga ilikuwa imekwisha kitambo na mbuzi wawili walikuwa wamehama kijiji.

Lakini injini ile, wallahi, ilikuwa injini. Ilivuta. Rizuane aliisikia nguvu yake chini ya nyayo, na katikati ya woga wote akajisikia fahari, kisha akaona aibu kujisikia fahari siku ya kuachanishwa na mkewe.

Baada ya mashamba ya mwisho ya minazi kuna mchanga, si mchanga wa kuchezea. Gari likazama. Laila akaruka chini akasukuma, na alivyosukuma akawa anapiga kelele, "Namba moja, mama! Namba moja!" bila shikamoo, Mungu amsamehe. Gari likajinasua kwa mshindo, likashika njia, likaenda. Rizuane akatazama kwenye kioo: Laila yuko nyuma anakimbia, anapunga mikono, anazidi kuwa mdogo. Kusimama ni kuzama tena. Akashusha kioo cha dirisha, akapiga kelele, "Panda pikipiki! Tutaonana kwa mjomba!" Kutoka mbali kulikuja jibu ambalo si la kuandikwa.

Sasa wakawa wawili. Injini ikaanza kulia, inataka namba mbili. Rizuane akatazama mbele. Bi Rachida akatazama mbele. Injini ikapiga ukelele. Rizuane akainama kidogo kuelekea kwenye kikapu.

"Kuku," alisema, "mwambie mama, shikamoo, namba mbili."

Bi Rachida akalipima jambo lile. Kuku alizaliwa uani kwake, alikula pumba za kwake, alilala jikoni kwake. Mtu wa nyumbani awe nini zaidi?

"Kuku, mwambie marahaba. Na mwambie asipige kelele, mimi si kiziwi."

Namba mbili ikaingia. Kisha tatu. Kisha nne, na safari hii bila kukwaruza. Kuku alifanya kazi yake vizuri kuliko Laila, kwa kuwa hakuongeza neno lake hata moja.

Kwenye kontrolo, kizuizi cha barabarani, walisimamishwa na askari mmoja kijana, Bernardino, Mmakonde wa Mueda, jina limeandikwa kifuani. Alizunguka gari, akachungulia ndani, akaona gia iliko.

"Nani anaendesha gari hili?"

"Mimi, Shefe," alisema Rizuane.

"Nusu," alisema Bi Rachida.

"Karta za udereva ziko wapi? Zenu wote wawili?"

Rizuane akaanza kueleza habari za usukani wa kushoto na shibiri moja na nusu. Bernardino akamkatiza. "Huyu mama ni nani yako?"

"Mkwe."

Askari akarudi hatua moja nyuma, bunduki akaielekeza chini na macho vilevile. Akamsogelea Rizuane upande wa dirisha, akanong'ona kwamba yeye mwaka juzi alipanda juu ya mkorosho, mama mkwe wake akaja akaketi chini yake kuchambua maharage, na yeye akabaki juu mpaka magharibi, mkojo umembana, na hakushuka. "Nyinyi mmetoka Quionga hivi?" aliuliza, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. Kisha akazunguka upande wa pili, akapiga saluti akitazama gurudumu. "Mama, mkweo anaomba namba moja."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Rachida, akaisukuma kwa nguvu zote, maana alikuwa amefurahi kuitwa kwa heshima na mtu wa serikali. Gari likaruka kama limeumwa siafu. Kikapu kikapinduka, kuku akapita dirishani, akatua miguuni kwa Bernardino, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Kumrudia hakukuwezekana. Kusimama kungetaka namba moja tena, na wa kupitisha ombi ndiye huyo huyo kuku aliyebaki.

Rizuane alijua mambo yamekwisha. Akakanyaga klachi tu, kwa mazoea, bila matumaini, na mkono wa gia ukashuka wenyewe namba mbili. Akatazama kwa pembe ya jicho, kitu asichopaswa kufanya. Kitambaa kilikuwa kimeondolewa. Mkono wa Bi Rachida ulikuwa umekishika kifundo, vidole vimetulia, na kichwa chake kimeinama kidogo upande mmoja, anaisikiliza injini. Ilipopanda sauti, kabla Rizuane hajainua mguu vizuri, mkono ulikuwa tayari. Tatu. Nne. Hakuna neno lililosemwa na hakuna jino la giaboksi lililolia. Rizuane aliendesha hivyo maili nzima, na alikuwa hajawahi kufanya kazi na mtu akafahamika namna ile, tangu aanze kushika spana.

Lakini breki zilikuwa za zamani. Hilo tusilihesabu kuwa kosa la pili, maana breki hazikuwa katika agizo. Zilikuwa breki za kusimamisha gari linalokwenda mwendo wa punda, na sasa waliteremka kuingia Palma kwa nguvu za injini ya wageni, na chini pale, katikati ya barabara, akina mama walikuwa wamepanga mabeseni ya samaki. Rizuane alikanyaga breki. Pedali ikaenda hadi sakafuni kwa adabu, ikakaa huko. Sauti ya injini isingeweza kumweleza Bi Rachida jambo hili. Kwa sikio lake ilikuwa inaomba namba tano, na mkono wake ulikuwa umeanza kwenda huko.

"Mama!" alipiga kelele Rizuane. "Mama, siyo! Mbili! Rudisha mbili!"

"Kanyaga, basi, mwanangu! Kanyaga nikuingizie!"

Akakanyaga. Ikaingia. Injini ikanguruma, gari likainamisha pua, likajivuta, likajivuta, likazimika shibiri moja kutoka beseni la dagaa. Mwenye beseni hakuinuka. Aliwatazama tu, akaliburura beseni lake kando, akaendelea kufukuza nzi.

Miaka miwili ya adabu ilikuwa imemwagika yote kwenye mteremko mmoja. Gari kuharibika ni kosa la fundi. Kumsemesha mama mkwe uso kwa uso, tena kwa kumfokea, ni kosa la mume, na hilo halina spana. Kutoka pale hadi kwa mjomba walisukumwa na vijana wa sokoni, wao wawili ndani kila mmoja akitazama upande wake.

Mjomba Abdurremane alikuwa karani wa serikali kabla hajastaafu, na alipoondoka ofisini aliondoka na tabia zote na karimbo moja, muhuri wa mpira uliokwisha maandishi. Kesi za ukoo aliziandika kwenye daftari na kuzigonga. Aliwakalisha barazani, Bi Rachida kwenye kiti, Rizuane kwenye mkeka, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe kwa herufi nzuri. Alikuwa bado anauliza jina kamili la mlalamikaji, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, Laila alipoingia juu ya pikipiki ya kukodi, amejaa vumbi mpaka kope.

"Mliniacha!" alisema. "Nyote wawili! Mliniacha kama gunia!"

"Kaa," alisema mjomba. "Mashitaka ni gia kuwekwa mahali pasipo staha. Kabla sijaandika, nauliza kama kuna jingine. Njiani binti hakuwamo. Je, mlisemezana?"

Wenye kujua walikuwa wawili tu, na kuku wa tatu alikuwa kontrolo. Rizuane angeweza kusema hapana. Alimtazama Laila, vumbi lile, jasho lile, akaona hawezi kubaki na mwanamke huyu kwa uongo aliousema mbele yake.

"Nilimsemesha, mjomba. Nilimfokea. Nilimwita mama kwa mdomo wangu."

Laila akashika tama. Mjomba akalichukua karimbo, akalipulizia pumzi mara mbili kulilowesha.

"Na mimi niliitika," alisema Bi Rachida.

Karimbo likabaki hewani. "Wewe uliitika?"

"Nimeitwa mama, nisiitike? Nina watoto wangapi, Abdurremane, wa kuchagua nani nimwitikie?" Akalinyooshea karimbo kidole. "Weka hilo dude lako chini unisikilize. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kiti kile. Thelathini na moja! Nimekaa kando ya Selemane, Mungu amrehemu, na siku moja niliugusa usukani wake akanipiga kofi mkononi. Nikisema 'panda gia, injini inaumia,' alisema mwanamke anajua nini. Nilijua! Nilikuwa nasikia! Leo huyu amekanyaga na mimi nimeingiza, tukashuka mlima mzima bila kuua mtu. Wewe ulishawahi kufanya nini na mkweo zaidi ya kumkwepa?"

Mjomba alikuwa na wakwe wanne, na wote aliwakwepa. Alifuta tarehe aliyoiandika. Akajaribu kuokoa heshima ya baraza lake: fundi wa gesi yuko nyumba ya pili, alisema, jioni hii hii mkono utapashwa moto na kukunjwa kulia, mambo yaishe.

"Atakayeugusa," alisema Bi Rachida, "nitamtoboa jicho kwa huo huo."

Rizuane alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, hajui kama bado ana mke au hana, na hajui aulize kwa nani. Bi Rachida akamgeukia. Alimtazama usoni, waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu arusi, kama anayetafuta alama aliyoelezwa siku nyingi.

"Rizuane," alisema. "Umekula?"

Rizuane akafungua mdomo ajibu.

"Hajala, mama," alisema Laila, kwa mazoea.

"Sijakuuliza wewe."